Kioo Bapa na Kina cha Tishu

Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba seli zikitolewa mwilini zinaweza kuendelea kuishi na kufanya kazi zake. Ross Harrison, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alichukua kipande cha tishu ya neva ya kiinitete cha chura, akakiweka ndani ya tone la limfu, akaliacha tone ligande likiwa limening'inia chini ya kioo chembamba, kisha akalitazama kwa hadubini siku baada ya siku. Nyuzi za neva zilichipuka kutoka kwenye seli zenyewe mbele ya macho yake, na huo ukawa ushahidi mzito katika mabishano ya kama kila seli ya neva husimama peke yake au ni sehemu ya wavu mmoja, mabishano yaliyokuwa yamewagawa Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal hata walipokabidhiwa Nobel moja mwaka uliotangulia. H. V. Wilson wa Chuo Kikuu cha North Carolina alikuwa na sifongo wa baharini. Alimkamua kupitia kitambaa cha hariri hadi zikabaki seli moja moja na vijikundi vidogo majini, akaona seli hizo zikisogeleana, zikishikamana, na hatimaye kujijenga upya kuwa sifongo hai. Harrison aliuliza seli moja inafanya nini. Wilson alionyesha kwamba seli zikiachwa zenyewe hutafutana na kujipanga. Maabara za karne ya 20 zilimfuata Harrison, tena zilimfuata nusu, kwa sababu punde si punde ziliiacha limfu yake iliyoganda na kubaki na kioo. Ninachodai hapa ni kwamba uamuzi wa kukuza seli juu ya uso bapa ulitokana na vifaa, wala haukutokana na maumbile ya seli. Ulidumu kwa sababu dawa nyingi zilizopimwa kwa njia hiyo zilikuwa molekuli ndogo zinazopenya popote. Chembe za nano zilipoingia maabara, kasoro iliyokuwa imevumiliwa kwa miaka mingi ikawa haivumiliki tena.

Ubapa ulishinda kwanza kwa sababu ya hadubini. Lenzi yenye nguvu huona vizuri tabaka jembamba, na kitu chenye unene huifanya picha iwe na ukungu. Sahani ambayo Julius Petri aliibuni mwaka 1887 akiwa msaidizi wa Robert Koch huko Berlin ilitengenezwa kwa ajili ya bakteria, lakini ilikuwa tayari iko mezani. Mwaka 1916 Peyton Rous na F. S. Jones walionyesha kwamba kimeng'enya tripsini kinaweza kuziachanisha seli za tishu zikawa moja moja, na tangu hapo tishu yoyote iliweza kuvunjwavunjwa na kutandazwa. Baadaye zikaja sababu za hesabu. Mwaka 1952 Renato Dulbecco alitandaza tabaka moja la seli, akaliambukiza virusi, akahesabu matundu ambayo virusi viliyaacha, na kwa mara ya kwanza virusi vya wanyama vikaweza kuhesabiwa kwa uhakika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, George Gey wa Johns Hopkins alikuwa amefanikiwa kukuza bila kikomo seli za saratani ya mlango wa kizazi za Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi ambaye hakuombwa idhini. Seli zake, zinazoitwa HeLa, zilisambazwa duniani kote na zikatumika kuipima chanjo ya polio. Katika miaka ya 1960 plastiki ya polistaireni ilichukua nafasi ya kioo, bei ikashuka, na sahani bapa ikawa kifaa ambacho mwanafunzi anakikuta tayari siku ya kwanza bila kuuliza kwa nini kiko hivyo.

Mbinu iliyozoeleka hupata mamlaka ya ukweli, na taaluma hii ilishawahi kuadhibiwa kwa jambo hilo. Alexis Carrel wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York alianza mwaka 1912 kukuza seli za moyo wa kiinitete cha kuku, na mwenzake Albert Ebeling akaziendeleza hadi mwaka 1946, miaka miwili baada ya Carrel kufariki. Dunia iliamini kwamba seli za kawaida zikitunzwa vizuri hazifi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walithibitisha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Kwa karibu nusu karne, wale ambao seli zao zilikufa walijilaumu wenyewe kwa utunzaji mbaya badala ya kuishuku imani yenyewe. Naitaja habari hii kwa sababu ndivyo ilivyokuwa pia kwa ubapa: seli ziliposhindwa kufanya kazi za kiungo zilikotoka, ilidhaniwa kwamba seli zimechoka au zimeharibika. Waliofikiri kuwa tatizo liko kwenye makazi zilimowekwa walikuwa wachache.

Hata hivyo walikuwepo. Harrison mwenyewe alichapisha mwaka 1914 majaribio ambamo aliziwekea seli za kiinitete nyuzi za buibui ili zipate kitu cha kushika, akaona zikinyooka na kutembea kufuata nyuzi hizo. Umbo la seli, kwa maneno mengine, lilitegemea ilichoshikilia. Johannes Holtfreter alizitenganisha seli za viinitete vya amfibia, akaziacha zijikusanye tena, na katika kazi aliyoichapisha na Philip Townes mwaka 1955 zilionekana zikijichambua, za ngozi zikienda nje na za ndani zikibaki ndani. Aron Moscona alifanya kazi ya namna hiyo kwa seli za viinitete vya kuku, akizizungusha kwenye chupa ili zisitulie kwenye kitako na hivyo zishikamane zenyewe kwa zenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, alikuwa ameeleza saratani ya taya kwa watoto, na Anthony Epstein huko London alihangaika kwa muda mrefu kuzikuza seli zake bila mafanikio. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester, na sampuli ikafika ikiwa imechelewa na maji yake yamechafuka. Ingekuwa rahisi kuitupa kwa kudhani kuwa bakteria wameingia. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta uchafu ule ni seli hai za saratani zilizobanduka njiani na kuelea kila moja peke yake. Akazikuza zikielea hivyo hivyo, bila kuzilazimisha zishike kitu. Ndani ya seli hizo, mwaka 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ambavyo leo vina jina la Epstein na Barr. Seli za saratani hiyo ni za jamii ya seli za damu, nazo haziishi juu ya sakafu, na ugunduzi ulikuja pale zilipoachwa ziishi namna yake.

Kazi iliyoipa hoja hii vipimo ilitoka kwa wataalamu wa mionzi. Mwaka 1955 R. H. Thomlinson na L. H. Gray nchini Uingereza walipima vipande vya saratani ya mapafu na kuona kwamba katika nguzo za seli zenye nusu kipenyo kisichofika mikromita 160 hapakuwa na seli zilizokufa katikati, na kila iliyozidi mikromita 200 ilikuwa nazo. Maelezo yao yalikuwa kwamba oksijeni inayotoka kwenye mishipa ya damu huliwa na seli za njiani na kuisha kabla ya kufika ndani, na seli zenye upungufu wa oksijeni hustahimili mionzi. Robert Sutherland na wenzake huko London, mji wa Ontario nchini Kanada, walilihamishia jambo hilo maabara mnamo 1970 na 1971. Waliziacha seli za mapafu ya hamsta wa China zikue zikizunguka majini hadi zikafanya madonge ya mviringo. Donge lilipokuwa kubwa lilijigawa lenyewe: nje seli zinazogawanyika kwa kasi, chini yake seli zilizotulia, na katikati kabisa mauti. Hakuna aliyeziagiza seli zifanye hivyo. Umbali peke yake ulitosha kuumba tofauti ambazo sahani bapa, yenye seli zote zilizolingana kwa chakula na hewa, haiwezi kuwa nazo. Donge la Sutherland lilikuwa na kitu ambacho ukuzaji wa seli ulikuwa umekikosa kwa miongo: lilikuwa na ndani.

Upande wa pili wa hoja ulijengwa na Mina Bissell wa Maabara ya Lawrence Berkeley huko California, aliyeandika mwaka 1982 pamoja na wenzake kwamba kiunzi cha protini kinachoizunguka seli huiambia seli nini cha kufanya, na seli nayo hukijibu kwa kukijenga upya. Polistaireni ni ngumu kuliko titi au ini mara maelfu kwa maelfu, na seli iliyolala juu yake hujinyoosha kama ambavyo haijinyooshi popote mwilini. Bissell na wenzake waliziweka seli za titi ndani ya jeli laini yenye protini za kiunzi, na mwaka 1992 wakaonyesha kwamba seli nzima hufanya vijitufe vyenye uwazi katikati kisha husimama kukua, lakini za saratani huendelea bila mpangilio. Juu ya plastiki makundi haya mawili yalikuwa magumu kutofautisha. Mwaka 1997 walikwenda mbali zaidi: walizuia kipokezi kimoja ambacho seli ya saratani hukitumia kushika kiunzi chake, na seli zenye jeni zilizoharibika zikarudi kupanga vijitufe kama seli nzima. Jeni hazikuwa zimebadilika. Kwangu hili ndilo jaribio zito kuliko yote katika historia hii, kwa sababu linaondoa dhana kwamba kiunzi ni pambo tu.

Mtu anaweza kupinga, na pingamizi lake lina nguvu, kwamba sahani bapa imeipa dunia chanjo, elimu ya virusi, uelewa wa mgawanyiko wa seli na dawa nyingi za saratani. Kifaa kilichofanya kazi hiyo yote kinawezaje kuitwa kasoro? Sahani bapa ilijibu vizuri maswali ambayo umbali haukuwa na uzito ndani yake. Virusi huzaliana ndani ya seli moja, na jeni husomwa ndani ya seli moja. Dawa ya kawaida nayo ni molekuli ndogo inayojichanganya kama chumvi ndani ya maji, kiasi kwamba mtafiti akijua aliweka kiasi gani kwenye sahani, anajua kwa karibu seli imepata kiasi gani. Ubapa ulikuwa kurahisisha halali mradi kitu kinachopimwa kiwe chepesi kusafiri. Uhalali huo una mpaka, na mpaka wenyewe haukuonekana hadi kilipokuja kitu kisichosafiri vyepesi.

Kitu hicho ni chembe ya nano, chembe yenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100 kwa maelezo ya kawaida. Zenyewe si ngeni: Michael Faraday alitayarisha maji mekundu yenye vumbi laini mno la dhahabu na kuyaandikia mwaka 1857, na Alec Bangham wa Uingereza alieleza mwaka 1965 vifuko vidogo vya mafuta vinavyojifunga vyenyewe majini, vile tunavyoviita liposomu. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walitoa hoja kwamba mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani huvuja, na kwa hiyo chembe kubwa kuliko molekuli zitajilimbikiza humo. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa ambao hospitali za Afrika Mashariki zinaujua vizuri mno. Matumaini yakapanda, na chembe mpya zikawa zinapimwa kila siku juu ya tabaka moja la seli kama vile ni dawa za kawaida.

Hapo ndipo fizikia ilipokataa. Molekuli ya dawa ndogo husambaa milimita 1 ndani ya maji yaliyotulia kwa dakika 15 au 20. Chembe ya nanomita 100 huhitaji karibu siku nzima kwa umbali huo huo, na maji ya chakula juu ya seli huwa na kina cha milimita kadhaa. Maana yake, katika jaribio la saa 24 chembe nyingi huenda zisifike kwenye seli kabisa, ila zile nzito, kama za dhahabu zikiwa kubwa au zikishikamana, ambazo hutuama. Justin Teeguarden na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba kipimo kilichowekwa kwenye sahani na kipimo kilichoifikia seli ni vitu viwili, na cha pili kinategemea ukubwa, uzito na mshikamano wa chembe. Mwaka 2011 kundi la Younan Xia nchini Marekani lilifanya jaribio lililo rahisi na linaloshawishi: lilipima seli zilizokaa kitakoni kama kawaida na seli zilizopinduliwa zikatazama chini kutoka juu ya maji. Kwa chembe za dhahabu zinazotuama, seli za kitakoni zilikusanya nyingi zaidi. Kilichokuwa kikisomwa kama hamu ya seli kumeza chembe kilikuwa, kwa sehemu kubwa, uzito ukivuta vitu chini. Ni kosa kubwa, kwa sababu mwilini hakuna seli ya saratani inayolala kwenye sakafu ikingoja dawa iiangukie.

Watafiti waligeukia madonge ya Sutherland kwa sababu yana kina cha kupimia. Mwaka 2007 kundi la Suzie Pun mjini Seattle lilichovya madonge ya seli za saratani ya mlango wa kizazi katika chembe za polistaireni za ukubwa mbalimbali. Kubwa zilikwama karibu na uso, zilizo chini ya nanomita 100 ndizo zilizoingia, na kimeng'enya kinachokula kolajeni, protini ya kiunzi, kiliongeza kiasi kilichopenya. Kizuizi, basi, kilikuwa pia kile kiunzi ambacho Bissell alikuwa akikitetea kwa sababu nyingine. Mwaka 2009 Jungwoo Lee, Nicholas Kotov na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha sumu ya chembe za dhahabu na za kadimiamu na teluriamu kwa seli za ini zilizotandazwa na seli zile zile zilizokuzwa kama madonge ndani ya jeli yenye vyumba vya mviringo. Zilizotandazwa ziliharibika sana. Za kwenye madonge ziliumia kidogo mno. Chembe ile ile na aina ile ile ya seli zilitoa hukumu mbili tofauti kuhusu usalama.

Pingamizi hapa ni la haki: pengine donge halina hekima yoyote, linaficha tu seli zake za ndani, na sumu inaonekana ndogo kwa kuwa haikufika. Nakubali nusu ya kwanza. Sehemu ya tofauti ni kujificha, na mtafiti asiyepima chembe zimefika kina gani hawezi kusema lolote la maana kuhusu sumu. Lakini kufika ndilo jambo lenyewe tunalotaka kulijua, kwa sababu ini la mtu nalo lina ndani. Aidha, kama mpangilio wa tishu ungekuwa ngao tu, kila jaribio lenye mpangilio lingeonyesha madhara madogo, na sivyo ilivyo. Mwaka 2010 Dongeun Huh, Donald Ingber na wenzao wa Harvard walijenga pafu dogo kwenye chipu: utando mwembamba wenye matundu, upande mmoja seli za vifuko vya hewa, upande wa pili seli za mishipa ya damu, na mvuto wa hewa kandokando unaounyoosha na kuuachia utando kama pafu linavyopumua. Walipoweka chembe za silika zenye upana wa nanomita 12, mwendo wa kupumua ulizidisha uvimbe na sumu, na chembe nyingi zaidi zikavuka kuelekea upande wa damu. Ulipotulia utando, madhara yalipungua. Walithibitisha kuvuka huko katika mapafu mazima ya panya. Ini lilionekana salama zaidi lilipopewa umbo lake, na pafu likaonekana hatarini zaidi lilipopewa mwendo wake. Utando wa chipu ile ni mwembamba, kwa hiyo unene peke yake si jibu. Kinachohitajika ni kurudisha hali ambayo kiungo husika hukitendea kitu kigeni.

Wengine watauliza kwa nini tusiende moja kwa moja kwa panya. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan huko Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama na kukuta kwamba, kwa thamani ya wastani wa katikati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ilifika kwenye uvimbe. Takwimu hiyo ilitoka kwa wanyama wenyewe, lakini mnyama mzima haonyeshi kwa urahisi ni mlango upi ulifungwa: ini liliziteka, mshipa haukuvuja, au kiunzi kilizizuia. Mwaka 2011 Horacio Cabral, Kazunori Kataoka na wenzao wa Japani walilinganisha chembe za nanomita 30, 50, 70 na 100 katika panya. Katika uvimbe unaovuja zote zilipenya, katika saratani ya kongosho iliyozingirwa na tishu ngumu zile za 30 tu ndizo zilizoingia vizuri. Ukubwa mmoja hauna jibu moja. Donge na panya hujibu maswali tofauti, na donge lina faida ya kuruhusu kizuizi kimoja kibadilishwe huku vingine vikishikwa mahali pake.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka ndani ya taaluma yenyewe. Jeli inayotumiwa zaidi, Matrigel, hukamuliwa kutoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya, ina protini zaidi ya elfu moja, na kila toleo hutofautiana kidogo na lililotangulia. Chembe ikikwama humo, imezuiwa na tishu au na jeli? Madonge mengi hayana mishipa ya damu, hayana seli za kinga, na huogelea katika maji yasiyo na mwendo wa damu. Oganoidi za utumbo ambazo Toshiro Sato na Hans Clevers walizikuza Utrecht mwaka 2009 kutoka kwenye seli shina moja zina mpangilio wa ajabu, lakini uso wake wa ndani, ule unaokutana na chakula, umefungiwa katikati, na chembe iliyowekwa nje huanza na upande usio sahihi. Hizi si hitilafu ndogo. Hazitoi sababu ya kurudi kwenye plastiki, kwa kuwa plastiki ina hitilafu hizo zote na nyingine juu yake, ila zinakataza kuyapa madonge mamlaka yale yale ambayo sahani ilijitwalia. Desemba 2022 sheria mpya ya Marekani iliondoa sharti kwamba dawa lazima ipimwe kwa wanyama kabla ya binadamu, na ikataja seli zilizokuzwa na chipu za viungo miongoni mwa ushahidi unaoweza kukubaliwa. Mlango huo ukiwa wazi, kila ripoti ya chembe mpya inapaswa kueleza mambo matatu yanayokosekana mara nyingi mno: ni kiasi gani kiliifikia seli badala ya kiasi kilichomiminwa, chembe zilifika kina cha mikromita ngapi na baada ya muda gani, na jeli bila seli ilizizuia kwa kiasi gani.